Bwana, Bibi, Mtemi: Cheo Kinapoingia Katika Jina la Mhusika

Jalada la riwaya mashuhuri ya Ukerewe lina majina manne ya watu. Aniceti Kitereza aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Wawili wa kwanza wametangulizwa neno la heshima. Wawili wa mwisho, ambao ni mtoto wa kiume na wa kike wa hao wa kwanza, wamesimama na majina matupu. Kwetu Magu, tunaotazamana na Ukerewe kuvuka Ghuba ya Speke, mpangilio huo haumshangazi mtu. Mkubwa hatajwi hivi hivi. Lakini kwa mhariri, mwalimu wa fasihi, mkutubi au mtunga mtihani, jalada hilo linaleta swali linalohitaji jibu: je, "Bwana" ni sehemu ya jina la Myombekere, au ni adabu ya anayemtaja tu?

Swali hili hujitokeza kila siku kazini. Mwanafunzi anaandika "Majisifu" mahali ambapo riwaya ya Kidagaa Kimemwozea inasema "Mwalimu Majisifu". Asahihishwe au aachwe? Orodha ya wahusika inapopangwa kwa alfabeti, mpelelezi Bwana Msa awekwe kwenye B au kwenye M? Mwongozo mmoja wa fasihi unampa mhusika cheo ambacho mwongozo mwingine umekiacha, na msomaji mchanga anadhani ni watu wawili tofauti. Hatuna kanuni iliyoandikwa, kwa hiyo kila mtu hufuata mazoea yake.

Msimamo wangu ni kwamba cheo huwa sehemu ya jina rasmi la mhusika pale ambapo mwandishi mwenyewe, kwa sauti yake, amekiweka humo, na pale ambapo ukikiondoa mhusika anabadilika au anapotea. Cheo ambacho mhusika hupewa na wahusika wenzake katika mazungumzo, leo hiki na kesho kingine kulingana na anayesema, kibaki katika mazungumzo. Kukigandisha ndani ya jina ni kumnyima msomaji nafasi ya kuona nani anamheshimu nani, na kwa sababu gani.

Nianze na hadithi ambayo watoto wengi wa Usukumani wamelelewa nayo. Zimwi Shing'weng'we linameza watu na mifugo mpaka nchi inabaki tupu. Anasalia mwanamke mmoja aliyejificha, naye anajifungua mtoto, Masalakulangwa, ambaye anakua, anaulizia watu walikokwenda, analitafuta zimwi na kuliua. Analipasua tumbo na watu wote wanatoka wakiwa hai. Katika masimulizi mengi, watu wale wanamfanya mtawala wao, yaani ntemi. Hata hivyo hakuna bibi anayeketi na wajukuu jioni akaitaja hadithi hiyo kuwa ni ya Ntemi Masalakulangwa. Utemi anaupata mwishoni, baada ya kazi kwisha. Jina alilopambana nalo ndilo jina lake, nalo limebeba sifa yake ya uelewa na wepesi wa kufundishika. Wasimulizi wetu, bila kuandikiwa kanuni na mtu, walijua kwamba thawabu ya mwisho wa hadithi haina haja ya kutangulia mwanzoni. Angeitwa Ntemi tangu sentensi ya kwanza, msikilizaji angejua kwamba mtoto atashinda, na hofu ya zimwi ingekwisha kabla halijatokea.

Sasa tumrudie Kitereza. Kwa nini yeye alifanya kinyume, akawapa wahusika wake heshima mapema, kwenye jalada? Jibu liko ndani ya riwaya. Myombekere na Bugonoka wameoana na hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke kwa sababu hiyo, mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anaishi peke yake, anapika mwenyewe, anawafuata wakwe kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, ndipo anampata tena mkewe. Baada ya hapo wanatafuta mganga, na hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali.

Katika jamii za Kanda ya Ziwa mtu mzima hujulikana kwa mtoto wake. Ukizaa, jina lako la utotoni linapumzika. Unakuwa Baba Kulwa au Mama Kulwa, na ndivyo majirani watakavyokuita mpaka uzeeni. Asiyezaa hana jina hilo. Anabaki akiitwa kwa jina la ujanani hata mvi zikimtoka, na kila anapoitwa anakumbushwa. Sasa tazama tena jalada. Kitereza amewaita Bwana na Bibi watu wawili ambao kwa sehemu kubwa ya mwanzo wa kitabu hawana mtoto wa kuwapa heshima hiyo. Mimi naisoma kuwa hukumu ya mwandishi: mume huyu na mke huyu wana hadhi kamili tangu ukurasa wa kwanza, kabla ya mganga na kabla ya mimba. Matusi ya ndugu wa mume yanakanushwa na jalada lenyewe. Kwa hiyo anayenukuu jina la kitabu hicho au kuwataja wahusika hao rasmi, akaandika "Myombekere na Bugonoka" tu, amepunguza kitu ambacho mwandishi alikiweka kwa makusudi. Hapo cheo ni sehemu ya jina.

Mfano wa pili unatoka Zanzibar. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 na kutuletea mpelelezi wa kwanza mashuhuri wa riwaya ya Kiswahili, Bwana Msa. Wasomaji walimfuata katika vitabu vilivyokuja baadaye, hadi Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984. Mvuta kiko huyu ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Lakini Holmes hahitaji neno la kumtanguliza; jina lake na la ukoo vinatosha, na katika hadithi mojawapo Doyle anatuambia kwamba Holmes alikataa hata kutunukiwa cheo cha heshima na utawala wa Uingereza. Bwana Msa hawezi kukataa cha kwake. Ukiondoa "Bwana" zinabaki herufi tatu, na herufi hizo ni za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe. "Bwana" ndiyo iliyozigeuza herufi hizo kuwa mtu mwenye kiti chake, kiko chake na rafiki yake Najum. Mkutubi anayemtafutia mahali katika orodha amweke kwenye B, wala asiwe na wasiwasi.

Mlinganishe na wapelelezi wawili wa bara. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alimleta Inspekta Wingo. Cheo hicho ni cha kazi, kinatoka kwenye jeshi la polisi, na ndicho kinachompa mhusika haki ya kuhoji, kupekua na kukamata. Elvis Musiba naye, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimleta Willy Gamba, mpelelezi wa siri wa serikali. Huyu hana cheo chochote mbele ya jina, na asingeweza kuwa nacho, maana mtu anayeingia nchi za watu kwa siri hatembei na cheo chake hadharani. Wote watatu wanatafuta wahalifu, lakini majina yao yanatofautiana kwa sababu kazi zao katika hadithi zinatofautiana. Kwa hiyo hatuwezi kutoa amri moja ya kuwavua wote vyeo au kuwavisha wote. Kila jina lina hoja yake.

Kuna kundi la majina ambayo mjadala wake ni mfupi. Hayo ni yale yanayoundwa na uzazi au kazi, ambamo neno la mbele limeungana na la nyuma kiasi kwamba hayatengani. Katika Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, iliyotoka mwaka 1979, yumo Mama Tinda. Mwondolee "Mama" na umemtaja mtu mwingine. Emmanuel Mbogo, mwandishi yuleyule aliyemwandikia mganga mkubwa wa Usukumani tamthilia ya Ngoma ya Ng'wanamalundi, aliandika pia Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ambayo wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wameisoma. Mama N'tilie ni jina la kila mwanamke anayeuza chakula kando ya barabara, na Mbogo amelifanya kuwa jina la mwanamke mmoja. Unapolitaja humtaji yeye peke yake; unawataja wote wanaoamka alfajiri kuwasha moto ili watoto wapate ada. Ukimtafutia jina "rasmi" zaidi ya hilo unaikosa riwaya yenyewe.

Katika nyumba hiyohiyo yumo mume wake, Mzee Lomolomo, mlevi aliyeitelekeza familia. Nimeona majibu mengi ya wanafunzi wanaoandika "Lomolomo" tu, na ukiwauliza wanasema mtu wa namna ile hastahili uzee. Nawaelewa, na hasira yao ni ya haki. Lakini kwa kumvua "Mzee" wanafunzi hao wanaifuta hoja ambayo mwandishi aliwawekea mbele ya macho. Jamii inaendelea kumpa mtu heshima ya umri wakati yeye ameshaacha wajibu unaoambatana nayo. Jina lina sehemu mbili zinazogombana, na ugomvi huo ndio mada. Mwalimu anayesahihisha awasaidie wanafunzi kuliacha jina zima, kisha wamhukumu mhusika katika aya zinazofuata.

Jambo zito kuliko yote, na linalotugusa zaidi sisi watu wa Magu, ni utemi.

Anayefika Kisesa akapanda hadi Bujora ataikuta makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari wa Kanada. Jengo linalohifadhi kumbukumbu za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani mna ngoma na zana za utawala. Ukikaa na wazee wanaojua mambo hayo watakueleza kwamba ntemi hakuwa mtu anayejitawalia kwa matakwa yake. Walikuwepo banang'oma, watu wa ukoo wa utawala walioshiriki kumchagua na kumsimika, na ambao wangeweza kumwondoa. Ntemi alibeba mvua, mavuno na amani ya nchi. Mvua ikikatika miaka mfululizo, cheo kilikuwa hatarini. Cheo hicho kilikuwa dhamana, na dhamana ina mwenyewe anayeweza kuidai. Mwaka 1963 Tanganyika iliufuta kwa sheria utawala wa machifu, na kuanzia hapo neno "ntemi" likabaki katika heshima, ngoma na kumbukumbu.

Mwaka 2012 mwandishi wa Kenya, Ken Walibora, alilichukua neno hilo na kumvisha mhusika wake mkuu katika Kidagaa Kimemwozea: Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko. Huyu amerithi nafasi ya mkoloni, anapora ardhi, anadhulumu watumishi, na mwisho wake ni mbaya. Jina lake ni vyeo viwili vilivyosimamishwa kimoja juu ya kingine: utemi mbele, na sifa ya damu ya kifalme nyuma. Ndani ya jina hilo hakuna nafasi iliyobaki kwa mtu. Ndiyo maana nasema kwamba katika riwaya hiyo "Mtemi" ni sehemu ya jina rasmi, na haipaswi kuachwa hata mara moja. Kitabu kizima kinaonyesha jinsi mtu anavyojificha nyuma ya cheo mpaka cheo kinamwozea. Msomaji wa Usukumani ana la ziada la kusema hapa: mtemi huyu hana banang'oma. Hakuna aliyemsimika, na hakuna mwenye mamlaka ya kumwondoa. Walibora alichukua cheo akaacha mfumo uliokidhibiti, na kwa kufanya hivyo ameonyesha sawasawa kilichotokea katika nchi nyingi za Afrika baada ya uhuru.

Mkenya mwenzake, Timothy Arege, alikwenda mbali zaidi katika tamthilia ya Mstahiki Meya ya mwaka 2009. Mhusika wake mkuu anaitwa Sosi, lakini jina hilo halikupewa nafasi kwenye jalada; pale kimewekwa cheo peke yake, na sifa ya heshima mbele yake. Mji una mgomo, wafanyakazi hawalipwi, hospitali haina dawa, na aliye kwenye jalada ni Mstahiki Meya. Mhariri ambaye angependekeza kitabu kiitwe Sosi angekuwa ameharibu shitaka lililomo humo.

Ardhi yetu ya Magu imetupatia pia mfano hai, nje ya hadithi za kubuni, unaotusaidia kuona mpaka wa hoja hii. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, hapo Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Chifu Hangaya. Katika mikutano ya machifu na katika nyimbo za ngoma anaitwa hivyo, na ni halali. Katika sheria anazosaini na hati za serikali anabaki Samia Suluhu Hassan. Majina yote mawili ni ya kweli, ila kila moja lina uwanja wake. Anayeyachanganya hakosei heshima, anakosea mahali. Wahusika wa kubuni nao ni hivyo. Mtu anaweza kuwa "Mheshimiwa" jukwaani, "Baba Fulani" nyumbani, na jina tupu kinywani mwa mama yake mzazi. Mwandishi mzuri anayatumia hayo yote, na jina rasmi ni lile ambalo yeye mwenyewe amelishika anaposimulia.

Yapo majina ambayo safari yake imekwisha, na cheo kimekaa moja kwa moja. Msichana wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, alikuja kuwa Siti binti Saad, na Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alitumia jina hilo la heshima. Sijui mtu mwenye akili timamu ambaye angetaka kumrudishia lile la kwanza kwa kisingizio cha urasmi. Nyerere naye: neno "Mwalimu" limeingia hadi katika jina la chuo, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na hakuna anayeuliza alifundisha shule gani. Cheo kilichokaa kwa watu kwa miaka mingi kinageuka jina, na jamii ndiyo inayotoa cheti hicho.

Najua wako watakaonipinga kwa hoja ya adabu. Watasema: wewe ni Mswahili, umelelewa usimtaje mkubwa kwa jina lake, sasa iweje tuwaandike wazee wa riwaya kama watoto wenzetu? Afadhali kila mtu mzima apewe "Bwana", "Bi" au "Mzee" katika orodha ya wahusika, tuwe na amani. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inatoka mahali pema. Lakini angalieni matokeo yake. Kama kila mtu mzima ana neno la heshima, basi Kitereza hawezi tena kuwapa heshima Myombekere na Bugonoka, kwa sababu kila mtu anayo. Mbogo hawezi kutuuliza kuhusu uzee wa Lomolomo, kwa sababu neno limekuwa pambo. Heshima inayogawiwa sawasawa kwa mwema na mwovu haimpi mwema kitu.

Tena maneno haya yana umri wake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "Ndugu" lilikuwa neno la kumwitia kiongozi na mkulima bila kubagua, na lilibeba ahadi ya usawa. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, "Mheshimiwa" lilizidi kuenea na "Ndugu" likarudi nyuma. Riwaya iliyoandikwa mwaka 1975 ikimwita mkuu fulani "Ndugu", inatuonyesha nchi ilivyokuwa ikijitazama wakati huo. Mchapishaji wa leo anayebadilisha neno hilo liwe "Mheshimiwa" ili kitabu kisikike cha kisasa, anafuta ushahidi wa historia. Na anayeongeza cheo ambacho mwandishi hakukiweka, hata kwa nia njema, amemsemea marehemu.

Kwa hiyo wenzangu tunaofanya kazi hii tufuate utaratibu ulio wazi. Kwanza, tusome jalada, orodha ya wahusika na usimulizi. Palipo na cheo katika sauti ya mwandishi, kibaki. Pili, tukiondoe cheo kwa majaribio: kama kinachosalia hakimtambulishi tena mhusika, kama kwa Bwana Msa, au kinamtaja mtu mwingine, kama kwa Mama Tinda, kirudi mara moja. Tatu, kama cheo kinapatikana au kinapotea katikati ya hadithi, jina rasmi liwe lile alilolibeba mhusika kwa muda mrefu zaidi katika usimulizi, na mabadiliko yaelezwe katika maelezo yake. Nne, cheo kinachotoka vinywani mwa wahusika peke yao kiandikwe kama sehemu ya uhusiano: fulani humwita hivi, fulani humwita vile. Na katika kupanga kwa alfabeti tuandike jina mara mbili pale msomaji anapoweza kulitafuta kwa njia mbili. Karatasi haigharimu kiasi hicho.

Walimu wa Magu na Mwanza kwa jumla wanayo nafasi nzuri ya kuanza. Wanafunzi wao wanatoka katika nyumba ambamo kuitwa vizuri ni jambo zito, ambamo mtoto hupigiwa kelele akisalimia bila kutaja cheo cha ukoo. Ujuzi huo wasiuache mlangoni mwa darasa. Waambiwe waulize, kwa kila mhusika: nani amempa jina hili, lini, na angekuwa nani bila hilo? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo kuhusu Mtemi Nasaba Bora ataweza kuyauliza pia kuhusu kila mwenye cheo atakayesimama mbele yake kuomba kura. Na hapo fasihi itakuwa imemfanyia kazi ambayo ndiyo sababu ya kufundishwa.